Nusu ya nyumba ina umeme, nusu iko gizani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Umeme ukikatika mtaa mzima hakuna la kufikiria: unatafuta tochi, unasubiri. Ukikatika nusu ya nyumba ndipo watu wanapounguza vitu. Jikoni jokofu linanguruma, sebuleni giza totoro, na mtu tayari yuko mbele ya bodi ya breka anapandisha na kushusha kila kinachopanda na kushuka. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo tunayoulizwa sana sisi mafundi umeme. Karibu yote jibu lake linaanzia mahali pamoja: angalia kwanza kipi kimezima na kipi kimebaki, kwa sababu namna giza lilivyogawanyika ndiyo inayosema tatizo liko wapi.

Nusu ya nyumba imezima. Nianze na nini?

Anza na pua na masikio. Kuna harufu ya plastiki inayoungua, au harufu kama ya samaki mahali pasipo na samaki? Kuna mlio wa kuchirizika ukutani au kwenye bodi? Kama lolote kati ya hayo lipo, zima swichi kuu, ondoa watu karibu na hapo, kisha nenda moja kwa moja kwenye swali la nani wa kuitwa. Plastiki ya ndani ya soketi na breka ikianza kupata joto kali hutoa ile harufu ya samaki kabla hata moshi haujaonekana. Wengi huipuuza wakidhani ni taka za jikoni.

Kama pua na masikio havina malalamiko, chukua taa ya meza unayojua ni nzima uzunguke nayo. Usiishie kuangalia taa za darini. Ichomeke kwenye kila soketi, uandike kwenye karatasi: chumba gani, soketi ipi, inafanya kazi au haifanyi. Dakika kumi zinatosha, na karatasi hiyo itakuwa na sura mojawapo kati ya nne. Soketi za upande mmoja zimekufa lakini taa za upande huohuo zinawaka: saketi moja, yaani tawi moja la nyaya, imekatika, anza na bodi. Soketi mbili tatu zinazofuatana zimekufa huku nyingine za saketi hiyohiyo ni nzima: kuna kiungo kimeachia njiani. Taa na soketi kwa pamoja zimezima katika theluthi au nusu ya nyumba: shuku fezi, yaani mmoja wa nyaya za moto zinazoleta umeme kutoka kwenye nguzo. Sura ya nne ni taa zinazopanda na kushuka mwanga zenyewe, na hiyo haisubiri karatasi.

Umeme si ama upo ama haupo? Unakatikaje nusu?

Waya mnene unaotoka kwenye mita ukifika kwenye bodi hugawanywa, kama bomba kuu la maji linavyogawanywa kwenda bafuni, jikoni na bustanini. Kila tawi ni saketi, na kila saketi ina breka au fyuzi yake. Taa kwa kawaida huwekewa breka ya ampia 6 au 10, soketi 16, 20 au 32, na vitu vizito kama jiko la umeme na hita ya maji kila kimoja hupewa saketi yake peke yake.

Kinachosahaulika ni safari ya kurudi. Umeme huenda kwa waya wa moto na kurudi kwa nyutro. Tawi likikatika upande wa kwenda, kifaa kinazima. Likikatika upande wa kurudi, kinazima vilevile. Dalili zake lakini hazifanani, wala hatari zake.

Taa za chumba kimoja zinang'aa kama zinataka kupasuka, za chumba kingine zimefifia. Ni nini?

Zima swichi kuu sasa hivi, kisha urudi kusoma.

Hiyo ni dalili ya nyutro kuu iliyokatika au iliyolegea katika nyumba inayopokea fezi zaidi ya moja. Nyutro ndiyo inayoishika kila fezi kwenye volti 230. Ikiachia, vifaa vya fezi hii na vifaa vya fezi ile hujikuta vimefungwa mfululizo, kimoja nyuma ya kingine, katikati ya volti 400, na mgawanyo wake hauna haki: kifaa kikubwa kinachukua kidogo, kifaa kidogo kinabebeshwa zote zilizobaki. Chukua birika la wati 2000 kwenye fezi moja na televisheni ya wati 100 kwenye nyingine. Birika lina ukinzani wa kama omu 26, televisheni tukiihesabu kwa njia hiyohiyo ina 529. Televisheni inaangukiwa na volti karibu 380. Birika linabaki na 20 hivi, halipashi hata maji ya kunawa.

Nyumba za mtindo wa Marekani, zenye nusu mbili za volti 120 kila moja, hupata ugonjwa uleule: nusu moja ikishuka hadi 90, ya pili inapanda hadi 150, jumla ikibaki 240.

Breka haitakuokoa hapa, kwa sababu breka ya kawaida hupima mkondo, haipimi volti. Ndiyo maana asubuhi yake mtu anahesabu redio, chaja, balbu na ubao wa jokofu vilivyokufa usiku mmoja huku breka zote ziko juu zimetulia. Tena, mahali ambapo ethi ya nyumba (waya unaokwenda ardhini) imeungwa na nyutro ya mtaani, miili ya chuma ya vifaa na hata mabomba inaweza kushika umeme.

Dalili moja inatosha kukuamulia. Katika nyumba isiyo na kasoro, ukiwasha kitu kizito kama pasi, taa zinaweza kupungua mwanga kidogo au zisibadilike. Haziongezeki hata siku moja. Ukiwasha pasi na taa ya chumba kingine ikaongeza mwanga, usijaribu mara ya pili ili kuhakikisha.

Nimeangalia bodi, breka zote ziko juu. Mbona kuna giza?

Ziguse moja moja kwa kidole. Breka iliyoruka wakati mwingine haidondoki hadi chini. Husimama katikati, na kwa mwanga wa tochi inaonekana sawa na wenzake. Ukiigusa utaisikia imelegea, haina ule ugumu wa breka iliyoshika. Ishushe kabisa mpaka ilie "tak", ndipo uipandishe. Ukiisukuma kutoka pale katikati haishiki, na hapo ndipo mtu hutoka akisema breka imekufa. Nimeitwa usiku zaidi ya mara moja kwa kazi iliyokwisha kabla sijafungua mkoba.

Kama zote zimeshika kweli, tafuta bodi ya pili. Nyumba zilizoongezwa vyumba mara nyingi zina kisanduku kingine kidogo stoo, gereji au nyuma ya mlango, na hakuna anayekikumbuka mpaka siku ya giza. Angalia pia fyuzi, kama nyumba bado inazo: waya wa fyuzi uliokatika hauruki wala haudondoki, unaujua kwa kuichomoa (swichi kuu ikiwa imezimwa) na kuitazama.

Yakiisha hayo, inawezekana breka iko juu lakini ndani imechoka, au skrubu yake imelegea na waya umeungua. Hilo ni la fundi.

Breka nikiipandisha inaruka. Nifanye nini?

Inaruka papo hapo, au baada ya muda? Breka ina akili mbili ndani yake. Ya kwanza ni sumaku, inayokata mara moja mkondo unapokuwa mkubwa mno, yaani shoti. Ya pili ni kipande cha metali kinachojikunja kwa joto, kinachokata polepole kwa mzigo uliozidi kidogo. Breka ya ampia 16 inaweza kubeba ampia 18 saa nzima isiruke. Ikifika 23 hivi lazima ikate kabla saa moja haijaisha. Kwa hiyo breka inayokaa dakika ishirini ndipo inaruka inakulalamikia mzigo. Hesabu wati za vilivyochomekwa: ampia 16 kwa volti 230 ni wati 3680, na hita ya chumba ya wati 2000 pamoja na birika la wati 2000 tayari zimepita.

Ikiruka papo hapo, chomoa kila kitu kwenye saketi hiyo. Nimesema chomoa, sikusema zima. Sababu nitaieleza kwenye swali linalofuata. Pandisha breka ikiwa hakuna kitu. Ikishika, rudisha vifaa kimoja kimoja mpaka kimoja kiirushe. Huyo ndiye mwizi wako. Isiposhika hata ikiwa tupu, shoti iko ndani ya waya, soketi au taa ya kudumu, na breka hiyo iache chini. Kuipandisha mara kumi kwa matumaini ni kulipiga shoti lilelile mara kumi, na kila pigo linakula waya na breka yenyewe.

Kile kikubwa chenye kitufe cha T ndicho kilichodondoka. Ni breka ya nini?

Ni kikata-mvujo. Kinalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi; tofauti ikifika kiwango chake, kinakata, kwa sababu umeme uliopotea njiani unapita mahali pasipo pake, pengine mwilini mwa mtu. Vinavyolinda watu majumbani huwa vya miliampia 30, na vikifikia kiwango hicho vinatakiwa kukata ndani ya sehemu 3 za kumi za sekunde. Kwa kuwa kikata-mvujo kimoja hubeba saketi kadhaa, kikidondoka kinaondoka na nusu ya nyumba. Hiki ndicho chanzo cha kawaida kabisa cha giza la nusu nyumba.

Utaratibu wake unafanana na wa breka, ila una mtego unaowachosha hata mafundi wachanga. Unashusha breka ndogo zote zilizo chini yake, unapandisha kikata-mvujo, kinadondoka tena. Utasema kibovu. Si lazima. Breka nyingi ndogo hukata waya wa moto tu. Nyutro inabaki imeungwa. Kama mahali fulani nyutro imegusana na ethi, mkondo unaendelea kuvujia hapo hata breka ikiwa chini, mradi vifaa vya saketi nyingine vinafanya kazi. Swichi ya kwenye soketi nayo mara nyingi hukata upande wa moto peke yake. Ndiyo maana nilisema uchomoe: pasi iliyozimwa kwenye swichi lakini bado imechomekwa inaweza kukiangusha kikata-mvujo kana kwamba imewashwa.

Kwa hiyo chomoa vyote, hata chaja. Pandisha. Kikishika, rudisha kimoja kimoja, ukianza na vyenye maji na joto, maana ndivyo vinavyoongoza kwa kuvuja: hita ya maji, mashine ya kufulia, birika, jokofu lenye hita ya kuyeyusha barafu. Elementi ya hita iliyopata ufa mwembamba inavuja tu ikishapata joto, kwa hiyo mpe kila mshukiwa dakika chache.

Kuna mtindo mwingine, mwingi Marekani, ambapo kikata-mvujo kiko ndani ya soketi yenyewe, kina vitufe viwili vidogo, na hukata kwa miliampia 4 hadi 6 tu. Soketi ya namna hiyo hulinda pia zilizo mbele yake, hivyo soketi ya gereji inaweza kuwa imezimwa na kitufe kilichoruka bafuni. Zungukia zote kabla hujamsumbua mtu.

Na kitufe cha T kibonyeze kila baada ya miezi michache hata kama hakuna tatizo. Kisipodondoka ukikibonyeza na umeme upo, hakikulindi.

Soketi tatu tu zimekufa. Breka haijaruka, kikata-mvujo kiko juu.

Hapa kazi ni tamu, na ndipo nyumba nyingi huanza kuungua bila mwenyewe kujua.

Soketi huungwa kama shanga. Waya unaingia ya kwanza, unatoka kwenda ya pili, unaendelea. Skrubu ikilegea kwenye soketi ya pili, ya tatu na zilizo mbele zinakufa, na ya pili yenyewe inaweza kufa au kubaki hai. Kwa hiyo kosa haliko kwenye soketi iliyokufa uliyoigundua. Liko kwenye ya kwanza kufa au ya mwisho kuishi, ukihesabu kutoka kwenye bodi. Rudi kwenye karatasi yako utaona mpaka uko wapi.

Mara moja nilifuata mpaka huo hadi nyuma ya kabati la vyombo ambalo halikuwa limesogezwa tangu liingie. Soketi ilikuwa nyeupe pande tatu, na upande wa nne rangi ya chai ya maziwa. Kuivuta kutoka ukutani, ganda la waya wa nyutro lilikuwa limekauka likavunjika mkononi kama ganda la karanga, shaba ya chini yake nyeusi, na skrubu ilizunguka kwa ncha ya kidole. Ndani ya nyumba hakuna aliyewahi kusikia harufu. Walisema tu kwamba hita ya upande ule siku hizi "inachelewa kupasha".

Kiungo kilicholegea kinakuwa kipingamizi. Weka nusu omu hapo, pitisha ampia 10: unapata wati 50 za joto kwenye skrubu moja, karibu sawa na chuma cha kuchomelea risasi, ndani ya ukuta. Na breka haioni kitu, maana mkondo ni uleule wa kawaida. Ndiyo maana soketi inayopata joto, inayotoa cheche ukigusa plagi, au ambayo kifaa kinazima na kuwaka ukitikisa waya, usiitumie tena mpaka ifunguliwe. Shusha breka yake, ibaki chini.

Huwezi kuiacha breka juu ukaendelea kutumia "kidogo tu" hadi wikendi? Watu hufanya hivyo. Mimi nimeona zile soketi.

Testa inawaka kwenye soketi lakini hakuna kinachofanya kazi. Testa ni mbovu?

Pengine ni nzima na inakuambia jambo. Bisibisi ya testa inaonyesha tu kwamba kuna volti dhidi ya mwili wako. Haijui kama njia ya kurudi ipo. Ikiwaka tundu moja na kifaa hakifanyi kazi, nyutro imekatika. Ikiwaka matundu yote mawili, nyutro imekatika na kuna kifaa bado kimechomekwa mahali kwenye saketi hiyo: umeme unapita kwenye kifaa hicho, unafika kwenye nyutro isiyo na pa kwenda, unasimama hapo ukisubiri mkono wa mtu. Chomoa vyote, na tundu la nyutro litazima. Watu huuona waya wa nyutro ni wa amani. Nyutro iliyokatika haina amani.

Kinyume chake pia kipo. Mita ya kidijitali inaweza kuonyesha volti 40 au 80 kwenye waya uliokatika kabisa, kwa sababu umepakana na waya hai ukutani na mita nyeti inahisi kivuli chake. Ukiunga balbu ya kawaida hapo, kivuli kinatoweka. Na kamwe usichukue testa iliyokaa kimya kuwa ushahidi kwamba waya ni salama, kama hukuijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, na tena baada ya kupima.

Theluthi ya nyumba imezima, taa na soketi. Nitajuaje kama ni fezi?

Soma uso wa mita. Ikiwa imeandikwa 230 V peke yake, una fezi moja, na giza la nusu nyumba chanzo chake kiko ndani. Ikiwa imeandikwa 3×230/400 V, unapokea fezi tatu, na moja inaweza kukatika peke yake: kwenye nguzo, kwenye fyuzi ya kuingilia, au kwenye swichi kuu ambayo meno yake yameungua. Majirani wakilalamika vilevile, kila mmoja kapoteza kipande, tatizo liko nje.

Pampu au mota yoyote ya fezi tatu izime mara moja. Ikibaki na fezi mbili inanguruma, inashindwa kuzunguka vizuri, na koili zake zinaungua.

Kuna hali nyingine inayowachanganya watu: theluthi ya nyumba inawaka kawaida, iliyobaki ina umeme mdogo, taa zinawaka kama makaa. Mara nyingi hiyo ni fyuzi moja iliyokatika upande wa msongo mkubwa wa transfoma; fezi mbili zinagawana volti ambazo kila moja ilistahili kuwa nazo peke yake, hivyo zinabaki na kama nusu. Jokofu kwenye nusu volti halifi haraka, linajaribu kuwaka na kushindwa, linajaribu tena, mpaka kompresa inaungua. Lichomoe.

Nikiwasha jiko la umeme, soketi zilizokufa zinapata uhai kidogo. Ni miujiza?

Ni nyumba ya mtindo wa volti 120 na 240, na mguu mmoja, yaani moja ya zile nusu mbili za volti 120, umekatika. Jiko na hita ya maji huungwa kwenye miguu yote miwili, kwa hiyo ukiliwasha, umeme wa mguu mzima unapita kwenye elementi na kuvuka kwenda kwenye mguu uliokufa. Zima jiko na hita. Tatizo liko kwenye swichi kuu, mita, au waya wa nje.

Inatokea mvua ikinyesha tu, kukikauka inarudi yenyewe.

Taa za nje, soketi za ukuta wa nje, kengele ya geti, pampu. Maji yameingia kwenye kiungo. Mahali pa kwanza ninapofungua ni taa ya ukutani inayotazama upande mvua inakotokea, na mara nyingi nakuta chini ya kioo bwawa dogo lenye wadudu. Usichukulie kurudi kwake kama kupona. Shaba inaoza kila mvua.

Naweza kuweka breka kubwa zaidi ili isiruke?

Hapana. Breka inalinda waya, na waya wa ukutani haukunenepa. Kuweka breka ya 32 kwenye waya uliopimwa kwa 16, au kufunga fyuzi kwa waya mnene uliookota, ni kuhamisha kazi ya kukatika kutoka kwenye bodi kwenda ndani ya dari.

Nifungue kifuniko cha bodi nitazame?

Ukishazima swichi kuu, vituo vya juu vyake bado vina umeme kutoka kwenye mita. Huwezi kuvizima kutoka ndani ya nyumba. Kwa hiyo mwenye nyumba anaishia kwenye vitufe na vishikio vya nje. Skrubu za kifuniko ni mpaka.

Usidanganywe na rangi pia. Kwa utaratibu wa sasa wa Ulaya, kahawia ni moto, buluu ni nyutro, kijani chenye njano ni ethi. Nyumba za zamani zilizofuata Uingereza zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro; Uingereza yenyewe iliziacha kati ya 2004 na 2006. Marekani nyeusi ndiyo ya moto, nyutro ni nyeupe. Waya mweusi mmoja, maana mbili, na nyumba iliyofanyiwa kazi mara tatu na watu watatu inaweza kuwa na zote.

Nina inverta na betri. Kuna tofauti?

Ipo. Kwa kawaida inverta haibebi nyumba nzima, inabeba saketi chache zilizochaguliwa. Zikizima hizo tu, au zikibaki hizo tu, umeshajua upande wa kutazama. Inverta iliyoelemewa hujizima na kuwasha taa nyekundu: punguza mzigo, iwashe upya. Zikibaki hizo tu, umeme wa nje haupo na wewe umechelewa kujua. Kumbuka lakini kwamba kuzima swichi kuu hakuzimi betri.

Nimwite fundi au shirika la umeme?

Mpaka ni mita. Nguzo, waya wa kuingia, mita na sili zake ni mali ya shirika, hata kama viko ukutani kwako, na sili haikatwi na mtu mwingine. Kuanzia swichi kuu kuja ndani ni wewe na fundi wako. Taa zinazopanda na kushuka, fezi iliyopotea, umeme mdogo: piga shirika kwanza, na useme wazi kwamba ni hatari, si kwamba "umeme hauko sawa". Soketi, breka, vikata-mvujo: fundi. Moto ukishaanza, zima swichi kuu kama unaifikia bila kupita kwenye moshi, usimwage maji, toka nje, piga zimamoto.

Jokofu liko upande uliokufa. Chakula kitadumu?

Likibaki limefungwa, jokofu hushika ubaridi kama saa 4. Friza iliyojaa hukaa saa 48, iliyojaa nusu 24. Unaweza kulivutia waya wa ekstensheni kutoka soketi nzima, mradi upande ule umeshahakikisha volti zake ni za kawaida, waya si mwembamba, haupiti chini ya zulia, na kama ni wa kuzungushwa kwenye ngoma, umeukunjua wote. Waya uliobaki kwenye ngoma hujipika wenyewe.

Fundi anakuja. Nimwambie nini?

Mpe ile karatasi. Kisha mwambie saa iliyoanza, nini kilikuwa kimewashwa dakika hiyo, kama kulikuwa na mvua, na nini ulishagusa, hata kile unachoona aibu kukisema. Ujumbe mmoja niliowahi kutumiwa ulisema: "Saa mbili usiku nilichomeka pasi chumba cha nyuma, taa hazikubadilika, soketi nne za upande wa nyuma zikafa, breka haikuruka, ya karibu na mlango ina joto, nimeshusha breka yake." Nilikwenda na soketi moja mfukoni.